Mkono Ndani ya Leso

Midomo ya binti wa kaka yake Kathini ilikuwa imevimba hadi meno hayaonekani. Sindano ya pili ya mzio nayo haikuwa imesaidia lolote.

"Kuna jeni inayodhibiti komplimenti, askari wa kinga walio kwenye damu," daktari alisema. "Ikiwa na kasoro, mwili huvimba wenyewe hadi koo linaziba. Inarithiwa. Kwenu kuna mtu alikufa hivi? Niambieni nibadilishe dawa saa hii."

"Hakuna," kaka yake alijibu.

Mama yao alikufa amevimba uso na koo; aliwekewa sumu na mke mdogo wa baba. Kijiji kizima cha Tawa kilijua hivyo. Walimchomea nyumba, akakimbilia Ikutha na watoto wake. Kathini ndiye aliyewasha kiberiti.

Mtoto alikoroma. Alikuwa amepewa jina la nyanya yake huyo aliyekufa.

Tangu asubuhi Kathini alikuwa ameficha mkono ndani ya leso. Ulikuwa ukimvimba mara kwa mara, naye akisingizia nyuki. Sasa aliutoa, akauweka kando ya shavu la mtoto. Ngozi iling'aa, pete imezama kwenye nyama.

"Daktari," alisema, "mama yetu hakuwekewa sumu."

Kaka yake aligeuka kumtazama.