Sheria ya Rashasha

Rashasha iliufyeka mpunga wote wa Sange, na wapiganaji wa Noella wakaangukiana matopeni. Mmoja alipasuka tumbo. Mwingine aliita mama yake mpaka risasi zikamziba mdomo. Alibaki mmoja tu, amejibanza nyuma ya ng'ombe aliyekufa.

"Huyo naye namufuata," alisema Révérien, akiyaondoa mezani maharagwe yaliyokuwa wapiganaji.

Noella alimtazama shemeji yake kwa chuki isiyofichika. Mchezo huu Révérien aliuleta kutoka shuleni Bujumbura: mmoja anasimulia vita, kila mtu ana wapiganaji wake, na kete zinaamua nani afe. Wakati wa amani waliucheza kwa vicheko. Sasa mtaa wao, Songo, ulikuwa umezingirwa, bomba limekauka, na nyumba ilikuwa imejiwekea desturi: atakayemalizwa mezani ndiye atakayebeba bidoni kwenda kuchota maji ziwani. Njiani kulikuwa na rashasha ya kweli, juu ya ghorofa, na haikumsaza mtu.

Jana alimalizwa Venant, mume wa Noella. Maji aliyaleta, lakini goti lilirudi vipande vipande. Alikuwa amelala pembeni, akiuma shuka asipige kelele. Maji yale yaliishia kwenye kidonda chake na kwenye homa ya mtoto wao, Bella. Sasa midomo ya Bella ilikuwa imepasuka, hata kulia ameacha, na maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka pamoja na bomba. Ilikuwa lazima mtu aende. Noella hakuogopa kufa. Aliogopa kumwachia Bella mtu kama Révérien.

"Basi nipige, tumalize," alisema.

"Ngoja kwanza. Rashasha iko na sheria mpya."

"Weye! Kila siku uko unatunga sheria! Jana ulitunga, Venant akavunjika. Leo unanitungia minye?"

"Noella," Venant alinong'ona. "Muache."

"Simwachi! Muntu muzima, anajificha nyuma ya kete!"

Révérien alikusanya kete zote tano, akazitia kwenye kikombe cha bati.

"Sikiliza. Rashasha ikimwaga risasi bila kupumua, inashika moto. Natupa kete zote mara moja. Mbili zikifanana, inapasukia mu mikono ya mwenye kuipiga, anakufa yeye. Kama hakuna zenye kufanana, mwenye iko mbele yake anakufa."

"Na sheria ya kesho?"

"Ya kesho utatunga weye."

Alikitikisa kikombe kwa muda mrefu, akakipindua mezani kwa kishindo. Bella alishtuka mikononi mwa mama yake. Révérien aliinua ukingo wa kikombe kidogo, upande wake, akachungulia. Kisha akaushusha tena.

"Imenipasukia," alisema. "Mikono yote imeenda, na uso. Nimekufa."

Noella alifurahi. Alifurahi kabisa, wala hakuona haya: mjanja wa nyumba amenaswa kwa ujanja wake mwenyewe. Alimsukumia bidoni kwa mguu.

"Nenda basi."

Révérien alifunga kamba za viatu. Alimgusa kaka yake begani, akamtazama Bella kidogo, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Haikuchukua muda, rashasha ya ghorofani ikaanza. Ilimwaga risasi mfululizo, bila kupumua, wala haikupasuka. Mtu alipiga kelele mara moja huko chini, kisha zikabaki risasi peke yake. Venant aligeukia ukutani akalia kwa sauti.

Noella alimlaza Bella chini na kuisogelea meza ili aisukume ikazibe dirisha. Akakiinua kikombe kukiweka kando.

Chini yake hapakuwa na kete hata mbili zilizofanana.