Kodi ya Shimo la Ngiri

Hapo wanyama wa bondeni walipopiga kura, waliulizwa jambo moja: kila mwenye shimo atoe kodi ya kikapu kimoja cha viazi kwa mwaka, ili shule ya watoto iezekwe? Ngiri alikuwa na watoto saba katika darasa lile linalovuja. Alipiga kura ya hapana. Ndiyo ikashinda.

Karani Nungunungu alipokuja kukusanya, Ngiri alimsubiri mlangoni.

"Shimo si langu, bwana karani. Alilichimba Muhanga, akalihama. Mimi mpangaji tu."

Nungunungu alichomoa mwiba mgongoni, akaandika maneno hayo, akamwambia Ngiri atie alama ya kwato. Karatasi ikapelekwa kwa Muhanga, ambaye alikwisha kulisahau shimo lenyewe. Alilipa.

Kesho yake akabisha hodi kwa Ngiri.

"Nimefuata kodi."

"Umekosea mlango, mzee. Kodi hutoa mwenye nyumba."

"Ya shule nimeshalipa. Nimefuata ya mpangaji."

Ngiri akauliza: "Kiasi gani?"

"Kikapu kwa mwezi," alisema Muhanga. "Na huwa napokea ya miezi sita kwanza."