Mswada wa Sumu ya Mkwajuni

Nungunungu aligundua kwamba kisima cha Mkwajuni kina sumu. Kwa kuwa wanyama hawakuamini neno lisilochapwa jaridani, aliandika mswada, akaupeleka mbio kwa mhariri, Korongo.

Korongo aliulaza mdomo wake mrefu juu ya karatasi, akapima.

"Pambizo nyembamba. Kaandike upya."

"Mzee, wenzetu wanakunywa yale maji!"

"Na jarida lina taratibu zake, bwana."

Nungunungu akaandika upya, miiba imemsimama kwa hasira. Safari hii kosa likawa kwenye marejeo: Swala ametangulizwa mbele ya Pundamilia, kinyume cha alfabeti. Kila alipokwenda na kurudi, njiani alikuta kaburi jipya.

Aliporudi mara ya tatu, alimkuta Korongo amelala chali, tumbo limemvimba.

"Sasa umeandika!" Korongo akasema kwa taabu, mdomo ukiwa juu ya karatasi. "Pambizo zimenyooka. Hebu nichotee maji, yale matamu ya Mkwajuni."

Nungunungu akamkodolea macho. "Mzee, mswada wangu umeusoma?"

"Nimeupima," akajibu Korongo, "mara tatu."

Akakata roho. Nungunungu akamchimbia kaburi bila kupima.