Mapigo ya Jirani

"Mapigo tunayoyajua ni kama mia tatu," sauti ilisema ng'ambo ya ukuta. "Mengi zaidi hayajulikani."

Mbinya, au Mama Kalondu kwa majirani, alizima redio. Sauti ilikuwa ya Filsan, msichana aliyeolewa mlango wa pili wa ploti yao hapo Kibwezi, na ilikuwa imetulia kama ya mtu anayesoma habari. Utulivu huo ndio uliomtisha. Mtu hufika hapo akishachoka kulia.

Abdiwahab, mumewe Filsan, alikuwa dereva wa lori, mpole, mwepesi wa kusalimia. Mbinya hakuuamini upole wa nje hata kidogo.

"Nyumba za watu achana nazo," Ben, mume wake mwenyewe, alimwambia alipomgusia jambo hilo. Basi akangoja Ben aende mazoezi ya kwaya, akajifunga leso, akaenda kubisha kwa Filsan. Ben angesikia, nyumbani hapangelalika.

"Mwanangu, bwana yako anakupiga," alisema kabla hajaketi. "Usinifiche, nimekusikia kwa ukuta ukihesabu mapigo. Dada yangu ako Tawa, nyumba yake iko na nafasi. Hata begi ninayo, niliifunga kitambo."

Filsan alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Mama Kalondu, hizo ni nyota! Nasomea hizo chuoni. Hapa nilikuwa najaribu kipindi cha redio, cha watoto wa shule. Kuna nyota zinazunguka zikimulika kama tochi, pigo kwa pigo, zinatoa miale ya gamma. Kwa Kiswahili nikaziita mapigo."

Mbinya aliona haya, lakini hakuinuka.

"Na hayo mengine hayajulikani?"

"Mwangaza wao haupiti kwetu. Lakini tukihesabu zile zinaonekana peke yake, tunajidanganya. Kwa hivyo tunachukua hizo chache, tunakadiria ni ngapi zimetupita. Nyingine inaweza kuwa hapa karibu miaka yote, na hatujui."

"Hata ile hakuna mtu ameona, mnaihesabu?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mama."

Mbinya aligeuka kutazama kama mlango umefungwa vizuri.

"Basi nihesabu na mimi," alisema, "kabla Ben hajarudi."