Bomba la Mama Mkwe

Mjini kwao maji yote ya kunywa yalitiwa gesi kwa amri ya serikali. Tangu augue koo, Bi Kalunde alipaliwa na povu kila alipokunywa, hata akaanza kuogopa glasi. Mkwewe Nyamizi, fundi wa mabomba ya vinywaji, akamtengenezea bomba lililopoza maji kwanza, kisha likayateremsha taratibu ubavuni mwa glasi. Povu halikuinuka.

Bi Kalunde akamaliza glasi nzima bila kukohoa. Machozi yakamlengalenga.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Amina, mama. Kunywa tena."

Akanywa, akashusha pumzi. "Hivi maji matupu yalikuwa na ladha gani? Nimesahau."

Nyamizi alizaliwa baada ya amri. Alimshika mkono, akamjazia glasi nyingine.