N Iliyogeuka

"Hiyo! Usiitie kwenye droo!"

Muuza nyama aliganda, kisu mkono huu, sarafu mkono ule. Mteja aliyekuwa ameitoa aliona ugomvi unanukia, akabeba maini yake akaenda zake.

Aliyepiga ukelele alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Mtaa mzima ulimwita Lenzi. Kwa majuma kadhaa alikuwa akipita duka kwa duka akiomba kuangalia chenji za watu, na watu, ambao hawawezi kukaa na jambo bila kulitafutia maana, walikwisha kubaliana kuwa ni mtaalamu wa sarafu zenye kasoro, zile ambazo mitambo huzikosea mara moja moja na matajiri wakazigombania.

Lenzi hakuwabishia. Aliyemuuliza alimweleza kwa raha zake: hii tarehe yake imepigwa mara mbili, ona kivuli, hii ukingo umeliwa, hii muhuri ulioipiga ulikuwa na ufa, ndiyo maana ndege ana mshipa shingoni. Zote hizo alizirudisha kwa wenyewe. Aliyoitaka yeye ilikuwa hamsini ya aina moja tu, ile ambayo kwenye neno HAMSINI herufi N imegeuka, mstari wake wa kati umelala upande usio wake. Kila aliyoiona aliinunua papo hapo kwa mia.

Kila jioni mkewe na shemeji yake walimsubiri mlangoni kama wanaosubiri majibu ya daktari. Shemeji huyo, kaka wa mkewe, alikuwa fundi wa kuchonga mihuri na alikaa nao.

"Bado ngapi, shemeji?" fundi huyo aliuliza jioni ya jana.

"Moja."

"Basi hatulali," mkewe alisema, akashika tama.

Na sasa hiyo moja ilikuwa kwenye kiganja chenye mafuta cha muuza nyama.

"Nipe, nikupe mia," alisema Lenzi, akijikaza kisabuni.

Muuza nyama aliifuta sarafu kwa aproni, akaisogeza kwenye mwanga. "Ahaa. Ndiyo ile ya N?"

"Ya kawaida tu, kaka."

"Ya kawaida, halafu unatokwa jasho?" Aliirusharusha mkononi. "Mbona nyepesi? Mkono wangu huu ni mizani. Nikisema kilo, ni kilo." Akaiangusha juu ya meza. Hamsini nyingine hulia. Hii ilisema "pu", ikanyamaza.

"Ndiyo maana ni adimu," Lenzi alisema haraka. "Siku hiyo madini yalichanganywa vibaya."

"Adimu! Si ulisema ya kawaida?"

Lenzi aliuma ulimi, lakini maji yalikwisha mwagika. Akapanda hadi elfu. Muuza nyama akatikisa kichwa. Akapanda hadi elfu tano, hela ambayo hakuwa nayo, na huko ndiko alikoharibu kabisa, maana macho ya mwenzake yalizidi kumtoka.

"Sikiliza, kaka. Mtu anayepandisha bei mbio hivyo kuna kitu anakijua. Mtoto wa shangazi yangu yuko benki kuu. Kesho asubuhi nampelekea. Wana mashine pale, wataniambia hii ni kitu gani."

Lenzi akashikilia meza.

"Usiipeleke benki!"

"Kwa nini?"

"Watu wa benki wakiishaiona, ndugu yangu, huioni tena maishani mwako."

Hapo alikuwa anasema kweli tupu, na uso wake ulionyesha hivyo. Muuza nyama akasita. Akachungulia nje, ambako baiskeli ya Lenzi ilikuwa imeegemea ukuta, inang'aa.

Baiskeli ile ndiyo kitu pekee ambacho Lenzi aliwahi kukinunua kikiwa kipya. Aliifuta kila siku kwa shati lake mwenyewe. Mkewe aliwahi kumuuliza, nyumba ikiwaka moto, atamwokoa nani kwanza, naye akaomba muda wa kufikiri.

"Ile," alisema muuza nyama.

Lenzi aliitazama baiskeli yake. Alitaka kulia, na hakuona aibu kutaka kulia.

"Chukua."

Muuza nyama alitoka, akabonyeza matairi kama anayechagua paja la mbuzi, akapiga kengele, akatabasamu, akapiga tena.

"Na hicho kioo pia."

"Kioo cha nini tena?"

"Nitafute zingine."

"Chukua. Ila zingine hazipo."

"Umejuaje?"

Lenzi alikuwa na jibu, lakini alilimeza. "Nimetafuta sana," alisema, akaikamata sarafu yake kwa ngumi mbili, akatoka.

Alirudi kwa miguu. Nyuma yake kengele ilikuwa bado inalia, na kila mlio ulimchoma. Hata hivyo, kila alipoigusa sarafu mfukoni, pumzi zilimshuka. Usiku wa leo angelala kama mtoto mchanga.

Mkewe alifungua mlango kabla hajabisha. Aliuona uso wake, akaona pia kwamba hakuna baiskeli, akamshika bega kwa huruma. Wakapita pamoja hadi chumba cha uani, ambako shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, hajala tangu asubuhi.

"Ni hiyo ya mwisho?" aliuliza.

"Ya mwisho."

Mkewe aliipokea, akaitumbukiza pamoja na zile nyingine kwenye sufuria ambamo bati lililoyeyuka lilikuwa likichemka juu ya mkaa. Kisha akamsogezea kaka yake patasi na kalibu mpya. "Haya, chonga tena, na safari hii hiyo N uiandike kinyume, ili itoke sawa."