Dari ya Mama Mkwe

"Panda darini, ufungue kile kiungo cha nyaya nikione," mkaguzi akaniambia. Alikuwa ametoka Nairobi kunipima kabla sijapewa leseni yangu ya stima.

Bosi wangu Philemon akatazama kando akitabasamu. Tangu miwa ianze kulipa, nimetia stima nusu ya nyumba za Butere kwa leseni yake. Katika hizo zote, alichagua kumleta mkaguzi hapa kwa mama mkwe wangu. Nyaya za nyumba hii nilizitia kabla sijamwoa binti yake. Sasa nimeoa, na Philemon anajua vizuri kwamba kwetu ni mwiko mkwe kupanda juu ya nyumba ya mama mkwe wake.

"Huwezi?" mkaguzi akauliza.

Niliikamata ngazi kwa hasira hadi mbao zikanichoma viganja.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, ametupa mgongo kwa heshima. Polepole akavua kitambaa cha kichwa, akajifunga nacho macho. Sikuwa nimewahi kuziona mvi zake.

"Panda, mkwe wangu," akasema. "Mimi leo sioni kitu."

Nikavua viatu.

"Philemon," nikasema, bila kumwita bosi, "njoo unishikie ngazi."